Moto wa Umeme Hupiga Hodi

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa wakazi wa mtaa wetu hapa Ujiji, kwa mwaliko wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wengi hawakufika kwa sababu ya msiba uliokuwa upande wa pili wa mtaa, na waliofika wakaomba maandishi wawapelekee wenzao. Michoro niliyochora ubaoni nimeiacha. Mengine ni kama nilivyosema.

Mheshimiwa mwenyekiti, mabalozi wetu, wazee wangu, mama zangu, vijana, na nyinyi watoto mliokaa kwenye mkeka hapa mbele: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mwakeye!

Mimi ni fundi umeme. Nafanya kazi juu ya dari zenu, mahali ambapo wengi wenu hamjawahi kupanda tangu nyumba iezekwe. Kwa hiyo leo nimekuja kuwaambia yaliyoko huko, maana ni yenu.

Naanza na swali. Nyumba ikiungua hapa kwetu, huwa tunasema imeunguzwa na nini?

(Wakajibu: Shoti!)

Shoti. Tukishasema shoti, uchunguzi umekwisha, tunaanza kuchangishana mablanketi na sufuria. Nani anauliza hiyo shoti ilitoka wapi? Nani anauliza wiki iliyopita ilikuwa inafanya nini? Maana ilikuwepo, ndugu zangu. Nimeitwa kwenye nyumba zilizoungua, na karibu kila mara mwenye nyumba akishatulia, akishakunywa maji, anaanza kukumbuka. "Kweli ile swichi ilikuwa inalialia." "Kweli ile plagi ilikuwa inachoma vidole." "Kweli watoto walisema wanasikia harufu." Yote aliyajua. Ila hakuyahesabu.

Moto wa umeme hupiga hodi. Hupiga siku nyingi, wakati mwingine miezi. Hupiga kwa harufu, kwa joto, kwa sauti, kwa taa kupepesa. Sisi tunaongeza sauti ya redio.

Sasa nisikilizeni kisa cha mgebuka.

Kuna mama mmoja wa Kibirizi, muuza dagaa, aliniita nikamwekee taa ya nje. Nilipofika nilimkuta yeye na binti zake wamelitoa kabati la vyombo uani, wanasugua sakafu kwa sabuni ya unga. Nyumba ilikuwa inanuka samaki, na yeye alikuwa na hakika kwamba paka ameficha mgebuka mahali. Wiki nzima wanamtafuta huyo mgebuka. Paka ameshachapwa. Binti mdogo ameshasemwa kwa uvivu.

Nikamwuliza: "Mama, harufu inazidi saa ngapi?" Akafikiri, akasema: "Asubuhi na jioni." Na asubuhi na jioni ndipo birika la umeme lilipokuwa linachemsha maji ya chai. Jamani, ni samaki gani huyo anayenuka kwa ratiba ya chai?

(Kicheko.)

Nikaenda pale lilipokuwa kabati. Ukutani kulikuwa na soketi. Nyeupe pembeni, katikati kahawia, na tundu moja limelainika kama limelambwa. Plastiki ngumu inayotengenezewa soketi na plagi nyingi, ikipata moto kupita kiasi, hutoa harufu inayofanana sana na ya samaki. Mtu wa Dodoma angeshtuka: samaki katoka wapi sebuleni? Sisi hapa dagaa wanaanikwa mpaka kando ya barabara, pua zetu zimezoea. Ndiyo maana nasema mtu wa Kigoma lazima awe mwerevu zaidi ya wengine katika jambo hili. Ukisikia harufu ya samaki na leo hukupika samaki, usimchape paka. Anza na soketi.

Kilichokuwa ndani ni nini? Skrubu imelegea. Basi. Waya umeshikwa na skrubu, miaka imepita, joto na baridi, kuchomeka na kuchomoa, skrubu ikalegea kidogo. Umeme bado unapita, birika linachemka, hakuna anayejua. Lakini pale waya unapogusa nusunusu, umeme unapita kwa taabu, na taabu hiyo inageuka joto. Joto linaunguza uso wa shaba, mguso unazidi kuwa mbaya, joto linazidi. Linajilisha lenyewe.

Hesabu yake nimeichora ubaoni, na kwa mliosoma fizikia ni hesabu ya sekondari. Birika linavuta mkondo wa umeme wa ampea kama 9 au 10. Tuseme 10. Pale palipolegea pana ukinzani, yaani ile taabu ya umeme kupita, wa nusu omu tu. Kumi mara kumi ni mia, mara nusu ni wati 50. Wati 50 za joto, mahali padogo kama punje ya hindi, ndani ya boksi la plastiki, nyuma ya kabati la mbao. Fundi redio anayeyusha risasi kwa chuma cha wati 40.

Na hapa ndipo nataka tusikilizane vizuri, hata mliokuwa mnaongea huko nyuma. Mtu ananiambia, "Fundi, mimi nina sakiti breka, ikitokea hitilafu itakata." Sakiti breka hailioni hili! Breka inahesabu ampea zinazopita. Birika linavuta ampea 10, breka ni ya 20, kwa breka kila kitu ni salama. Haijui kama hizo ampea 10 zinapita kwenye waya uliobanwa vizuri au kwenye waya unaoning'inia. Breka hukata mzigo ukizidi, au nyaya mbili zikigusana. Skrubu iliyolegea haimo katika kazi yake. Breka yako ya skrubu iliyolegea ni pua yako na mkono wako. Tunaelewana?

(Tunaelewana.)

Breka yako ni nini?

(Pua na mkono!)

Vizuri. Tuendelee basi kwa pua na mkono. Ukimaliza kupiga pasi au kuchemsha maji, zima swichi ya soketi, halafu weka mgongo wa mkono kwenye plagi na kwenye uso wa soketi. Uvuguvugu kidogo baada ya kazi nzito si ajabu. Lakini ikiwa mkono haukai, hapo pana jambo. Soketi hiyo isitumike tena mpaka fundi aifungue. Soketi iliyopasuka au yenye unyevu usiiguse kabisa, hiyo macho yanatosha.

Sauti je? Swichi au soketi nzima haina sauti. Ikitoa mlio wa kukaanga, au mtatariko mdogo ukichomeka plagi, au inavuma kama nyuki, umeme unaruka pengo. Na cheche inayoruka pengo joto lake ni maelfu ya nyuzi. Shaba yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 1,085, ndiyo maana kwenye nyumba iliyoungua tunaokota vijipunje vya shaba vilivyoganda kwenye ncha za nyaya.

Taa kupepesa kuna aina zake, na hapa watu wengi wanachanganya. Ikipepesa taa ya chumba kimoja tu, tatizo ni lako, liko kwenye taa hiyo, swichi yake au kiungio chake. Zikipepesa za nyumba nzima na za jirani pia, hilo ni la nje, toa taarifa TANESCO. Lakini zikianza kuwaka kwa ukali usio wa kawaida, balbu zinapasuka, feni inakimbia kama imetumwa, usisubiri kutoa taarifa kwanza. Zima meni swichi, ile swichi kubwa ya nyumba nzima, ndipo upige simu. Huenda waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, umekatika huko nje, na umeme unaoingia kwako si ule wa volti 230 tena.

Na lile friji linalokutekenya ukiligusa umevua viatu? Watoto wanalichezea, wanaita wenzao waje wajaribu. Huo ni umeme unaovuja, na ethi yako, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, haifanyi kazi, au haijawahi kuwekwa. Chomoa leo.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ndipo penye mengi. Sasa twende kwenye mzigo.

Wazee mnakumbuka. Miaka mingi mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, umeme wetu ukitoka kwenye majenereta ya dizeli. Mtu akivuta umeme nyumbani, anavuta wa taa tatu na redio, baadaye ikaja TV. Nyumba nyingi za hapa Ujiji, na za Mwanga, na za Gungu, zilifungwa nyaya kwa hesabu hiyo. Sasa gridi imefika. Na mwaka 2024 serikali ikatoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Jambo jema sana. Nimeona macho ya mama yangu yalivyoharibika kwa moshi wa kuni, siwezi kulipinga. Lakini nani alikwenda kuziambia nyaya zilizomo kwenye dari?

Nyumba ile ile iliyofungwa kwa taa tatu, sasa inapika maharage!

Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5. Wa soketi ni 2.5. Jiko lenye sahani kadhaa linatakiwa liwe na njia yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya mnene, mara nyingi wa 6. Mpira unaovishwa nyaya hizi za kawaida umetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Ukizidisha mkondo mara mbili kwenye waya ule ule, joto halizidi mara mbili, linazidi mara nne. Na mpira hauyeyuki siku ya kwanza. Unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka, panya anamalizia.

Kuna nyumba moja ya kupanga huko Mwanga, vyumba sita, mita moja, LUKU wanachangia. Mnazijua nyumba hizo, na ugomvi wake mnaujua. Kila jioni saa moja breka ilikuwa inaanguka. Kila mpangaji na birika lake, na jiko lake la sahani, na pasi ya watoto wa shule. Breka ikianguka, wanalaumiana: ni wewe na jiko lako, ni wewe na friji lako. Akatokea kijana mmoja hodari, hodari kweli, akasema nyinyi mnagombana bure. Akanunua breka kubwa. Akaitoa ya 20, akaweka ya 40. Breka ikaacha kuanguka. Wakamshukuru, wakamchangia na soda.

Yule kijana alifanya nini? Mlinzi alikuwa anapiga kelele kila jioni, "Mzigo umezidi!", yeye akamfunga mdomo. Waya ulibaki ule ule. Baada ya muda dari ya jipsamu ikaanza kuonyesha mstari wa kahawia, umenyooka kutoka koridoni hadi chumba cha tatu. Wakadhani bati linavuja. Masika ilikuwa haijaanza, lakini wakadhani bati linavuja. Moto ulipotokea ulichukua chumba kimoja na mali zote za mwalimu aliyekuwa anaishi humo. Watu walipona kwa kuwa ilikuwa mchana.

Breka ikianguka mara kwa mara, inakwambia punguza. Punguza mzigo, au ita fundi agawe njia. Breka kubwa si dawa. Na hili linakwenda sambamba na fyuzi ya ndani ya plagi. Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ndani, na ikikatika tuna mtindo wa kuweka waya, au msumari, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi mpya ni bei ya andazi. Sisemi zaidi.

Ekstensheni. Haya, nani hapa ana ekstensheni moja nyumbani yenye vitu zaidi ya vitatu? Inueni mikono, hakuna polisi hapa.

(Mikono mingi. Kicheko.)

Mwenyekiti naye! Sikilizeni. Geuzeni ekstensheni, chini au ubavuni imeandikwa ampea zake. Nyingi ni 10 au 13, na hizo ni za matundu yote kwa pamoja, si za kila tundu. Ya ampea 10, kwa volti 230, ni wati 2,300. Birika peke yake ni wati 2,000 hivi. Ongeza pasi ya 1,200, umeshafika 3,200. Ongeza friji. Matundu yamebaki mawili na wewe unaona bado kuna nafasi! Kifaa cha joto, yaani birika, pasi, jiko, hita, kikae kwenye soketi ya ukutani, kimoja kwa wakati mmoja. Ekstensheni iwe ya TV, redio, chaja. Usiipitishe chini ya zulia wala mkeka, maana huko joto halitoki na miguu inaukata waya. Na ile ya kuviringisha kwenye gurudumu, ikunjue yote kabla ya kuitumia kwa mzigo mkubwa, hata kama unahitaji mita mbili tu. Waya uliokunjwa unajipasha wenyewe.

Dukani nako angalieni. Kuna nyaya zimeandikwa 2.5 na ndani si 2.5, na nyingine ni alumini iliyopakwa shaba. Ukiukwangua kidogo kwa kisu ncha yake ikageuka nyeupe, rudisha. Tafuteni alama ya TBS, shirika la viwango, na nunueni kwa mtu mnayeweza kurudi kwake na risiti.

Sasa jambo dogo, lakini naligusa kwa sababu ni letu sana: umeme unapokatika. Binti wa sekondari alikuwa anapiga pasi shati la shule. Umeme ukakatika. Akaiacha pasi palepale juu ya kitanda, imelala kifudifudi kwenye shuka, akaenda kwa rafiki yake kusoma. Kwa nini asiende, si umeme umekatika? Umeme ukarudi saa mbili usiku. Binti hayupo, mama yuko sokoni. Pasi haikujua kwamba mwenyewe hayupo. Godoro la sponji likishika moto halikupi nafasi ya kufikiri.

Umeme ukikatika, chomoa kila chenye joto. Kila chenye joto! Acha taa moja tu imewashwa, hiyo ndiyo itakayokwambia umerudi. Hata LUKU ikiisha ni hivyo hivyo, maana mtu mwingine wa nyumbani anaweza kuingiza token kwa mita akiwa na haraka ya mechi, wewe uko sokoni.

Vijana wa ziwani, msidhani nimewasahau. Ninyi mnaotoka Katonga na Kibirizi na betri za taa za kuvulia. Najua mnasema, "Ya volti 12 haipigi mtu." Kweli, haikupigi. Lakini inaunguza nyumba. Kwa nini? Kwa sababu ili upate wati 60 kwenye volti 12 unahitaji ampea 5, wakati umeme wa TANESCO ungetumia robo ampea. Volti zikiwa ndogo, ampea zinakuwa kubwa, na ampea ndizo zinazoleta joto. Nilionyeshwa spana iliyoangukia vichwa viwili vya betri ya gari: ilikuwa imejichomelea pale pale, imegeuka rangi. Tena betri ya maji ya asidi ikichajiwa inatoa hewa ya haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche moja. Halafu mtu anaichaji chini ya kitanda, mlango umefungwa, na sigara mkononi!

Chajini barazani au penye hewa. Waya wa betri uwe mnene na uwe na fyuzi karibu kabisa na kichwa cha betri. Na wenye sola, jueni kwamba paneli haizimiki kwa swichi ya ndani: jua likiwaka, nyaya zinazotoka juu ya bati zina umeme. Atakayepanda kuzima moto huko lazima aambiwe. Simu nazo, hasa zenye betri iliyovimba, zisilale chini ya mto zikiwa kwenye chaji.

Tumefika kwenye jambo la mwisho. Hodi imepigwa, hatukufungua, sasa moto umeingia. Unafanya nini?

Nitawaambia tunachofanya. Tunapiga yowe. Mtaa mzima unakuja, kila mtu na ndoo yake. Wengine wanaingia kuokoa TV na makochi. Mmoja anamwaga maji kwenye meni swichi inayowaka. Nimeliona hilo kwa macho yangu: mwanaume mzima, amesimama peku kwenye sakafu iliyolowa, amemwaga ndoo, akarushwa mpaka mlangoni. Mungu alimpenda, alipona. Maji ya kisimani, maji ya ziwani, maji ya bomba, yote yanapitisha umeme. Kama umeme haujakatwa, maji ni adui wa pili.

Kwanza kata umeme. Ikiwa meni swichi inafikika na haiwaki, shusha swichi kubwa. Kuchomoa plagi ni sawa kama plagi yenyewe haiungui. Kama meni swichi ndiyo inayowaka, achana nayo, toka. Na kwa hiyo nawauliza: ni nani ndani ya nyumba yako anajua meni swichi iko wapi? Baba anajua. Baba yuko ziwani. Mama anajua? Bibi? Huyu mtoto wa darasa la nne hapa, unajua meni swichi ya kwenu iko wapi?

(Mtoto: Nyuma ya mlango, lakini kuna magunia.)

Mmesikia? Nyuma ya mlango, lakini kuna magunia. Leo jioni yale magunia yatoke.

Kama moto ni mdogo, bado uko kwenye kifaa kimoja, na nyuma yako kuna mlango wa kutokea, unaweza kujaribu. Mtungi wa poda au wa kaboni dioksaidi ndio unaofaa umeme. Wa maji na wa povu haufai. Vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto, bana, pepea kushoto na kulia. Mtungi mdogo wa nyumbani unakwisha kwa sekunde chache, si dakika, kwa hiyo ukikwisha na moto bado upo, umemaliza kazi yako, toka. Mchanga mkavu unasaidia moto mdogo. Na mama zangu wa mawese: karai la mafuta likiwaka juu ya jiko, zima jiko, lifunike kwa mfuniko au kwa karai jingine, uliache hapo. Usilibebe kwenda nje. Usilimwagie maji hata tone. Mafuta yataruka mpaka darini.

Moto ukishapanda ukuta au dari, usipigane nao. Chumba chenye godoro na mapazia kinaweza kuwaka chote kwa dakika chache, na kabla ya miali kukufikia, moshi umeshafika. Moshi wa mipira ya nyaya na sponji una sumu, unalegeza mtu kabla hajajua. Hewa nzuri iko chini. Watoto, mnatokaje kwenye moshi?

(Watoto wakaonyesha, wakitambaa kwenye mkeka.)

Hivyo hivyo. Na anayetoka wa mwisho afunge mlango wa chumba kinachoungua, asiufunge kwa ufunguo, aurudishie tu. Mlango uliofungwa unauchelewesha moto. TV achaneni nayo.

Sasa nondo. Hapa naomba mwenyekiti anisamehe kwa sauti yangu. Tumeweka nondo kwenye kila dirisha kwa sababu ya wezi, sawa. Tumeweka geti la chuma mlangoni, sawa. Usiku tunafunga kufuli kwa ndani, na ufunguo uko wapi? Kuna nyumba ambayo sitautaja mtaa wake. Bibi na wajukuu wawili ndani, kufuli imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa mwanawe ambaye ameshaingia ziwani kuvua. Soketi ya sebuleni ikashika pazia. Majirani waliwaona kwenye dirisha, wanawagusa mikono kwenye nondo, na hawawezi kuwatoa. Wanawagusa mikono! Walipona kwa kuwa jirani wa tatu alikuwa fundi ujenzi, ana mtaimbo, wakang'oa fremu nzima. Kama yule jirani angekuwa mshonaji?

Dirisha moja la kila nyumba, nondo zake ziwe na bawaba na zifunguke kwa ndani. Mchomeleaji yeyote hapa Ujiji anaweza kulifanya hilo. Na ufunguo wa geti utundikwe mahali pamoja, karibu na mlango ila mbali na mkono wa mwizi wa dirishani, na kila anayelala humo aweze kuupata gizani. Jaribuni usiku, taa zimezimwa, mkiwa na vicheko. Bora vicheko.

Ukishatoka, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usingoje kwanza ujue moto utaishaje, piga mapema, maana gari nalo linasafiri. Waambie mtaa, na namba ya nyumba, ile iliyobandikwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi. Wangapi mnaijua ya kwenu? Kijana mmoja mwenye mbio aende barabara kuu awasubiri. Waambie ni moto wa umeme, waambie kama kuna sola juu ya bati au mitungi ya gesi jikoni. TANESCO nao waitwe wakate kwenye nguzo. Asipande mtu mwingine yeyote kwenye nguzo hiyo.

Aliyeshikwa na umeme asiguswe mpaka umeme ukatwe. Kama haiwezekani kukata, msukume kwa ubao mkavu au mpini wa ufagio, nawe ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Waya wa nguzo ukianguka barabarani, huo hausukumwi na ubao wowote, kaeni mbali na muwazuie watoto.

Kabla sijakaa, neno kuhusu mafundi. Kuanzia nguzoni hadi kwenye mita ni mali ya TANESCO. Lakiri ya mita usiiguse. Kuanzia mita kuingia ndani ni yako, na unayemwita awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mwambie akuonyeshe, fundi wa kweli hakasiriki. Kishoka, yaani fundi wa mitaani asiye na leseni, atakufungia nyumba nzima kwa bei ya kuku wawili, ataunga nyaya kwa kusokota na tepu, atafunika kwa dari, na hutamwona tena. Viungio vyote vya nyaya viwe ndani ya boksi na viwe vimebanwa kwa konekta. Na kama meni swichi yako ina kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, chenye kibatani kilichoandikwa T, kibonyeze kila baada ya miezi michache. Kisipokata, kimekufa.

Nimekuja na mafundi wenzangu wawili, wote wana leseni, wako pale chini ya mwembe. Anayetaka soketi zake na meni swichi yake viangaliwe aandike jina kwa balozi wake kabla hajaondoka, tutaanza Jumatatu na nyumba zenye wazee na za kupanga. Kuangalia ni bure. Kifaa kikihitajika utanunua mwenyewe, na tutakuandikia cha kununua ili muuzaji asikupe kingine. Mwenyekiti, nakurudishia kikao. Yule mama wa gauni la kijani ameinua mkono tangu nilipotaja pasi, naomba aanze yeye.